Kompyuta Moja, Mifumo Miwili



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya sanduku la huduma ya kwanza nyumbani. Mwezi huu mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza juu ya kompyuta. Tunajua wengine mtasema, "Nesi naye huko ameingiaje?" Lakini siku hizi katika nyumba nyingi kompyuta ipo, japo ni moja na ya zamani, na ndani yake kuna mambo ya nyumba nzima: picha za harusi, hesabu za kikundi, barua za shule, vyeti vya watoto vilivyopigwa picha. Baba anaitumia, watoto wanaitumia, na kitu kikipotea anayeulizwa ni mama.

Hapa Endasak akina mama kadhaa wametusimamisha baada ya ibada wakituuliza jambo moja. Kijana amerudi likizo kutoka chuoni, anasema, "Mama, hii kompyuta tuiwekee Linux, lakini Windows tuibakize." Je, mama akubali au akatae? Sisi nyumbani kwetu tumelipitia jambo hili, na halikuwa jepesi. Tumeona vema tuwaeleze yaliyotupata, ili nanyi mjue la kuuliza kabla hamjasema ndiyo.

Mfumo ni nini?

Kompyuta ikiwashwa, kuna programu moja kubwa inayoamka kwanza na kusimamia nyingine zote. Hiyo ndiyo huitwa mfumo endeshi. Sisi wauguzi tungeifananisha na muuguzi wa zamu katika wodi. Yeye ndiye mwenye funguo za kabati, yeye anajua nani amelala kitanda gani, na bila yeye hakuna kinachosogea. Windows ni mfumo wa namna hiyo. Linux ni mwingine.

Kuweka mifumo miwili katika kompyuta moja ni kama kuwa na wauguzi wawili wa zamu mbili. Wodi ni ile ile, lakini hawasimamii kwa wakati mmoja. Ukiwasha kompyuta, orodha hutokea kwenye skrini na kukuuliza: leo unataka zamu ya nani? Ukichagua Windows, Linux inapumzika. Ukitaka kubadili, unazima na kuwasha upya. Kila mfumo una sehemu yake ya diski iliyowekewa mpaka, kama vile ndugu wawili waliogawana shamba la baba yao.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, nchini Finland, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wameiendeleza. Hutolewa bure, na ipo ya aina nyingi. Aina moja inayojulikana sana, Ubuntu, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina hilo ni la lugha za kusini, ndugu na neno letu "utu". Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyokuwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kijana wako akikutajia programu huria, usidhani ni jambo la kihuni. Hata takwimu za vitabu vya MTUHA tunavyojaza vituoni huingizwa katika DHIS2, ambayo nayo ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Kwa nini baba watoto alikataa

Sasa tuwaeleze kisa chetu. Miaka kadhaa iliyopita kompyuta yetu iliugua virusi. Watoto walikuwa wakichapisha kazi zao kwenye maduka ya steshenari, na flashi ikirudi nyumbani inarudi na ugonjwa. Kompyuta ikawa nzito, ukiiwasha unaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijafunguka. Baba watoto akaipeleka kwa fundi mjini. Jioni ikarudi nyepesi kabisa. Ilikuwa nyepesi kwa sababu ilikuwa tupu.

Fundi alipoulizwa alisema, "Mliniambia niisafishe." Na kweli ndivyo alivyoambiwa. Hakuna kati yetu aliyemweleza kulikuwa na nini ndani, naye hakuuliza.

Ndani kulikuwa na picha za marehemu mama yetu mzazi, ambazo hatukuwa nazo mahali pengine. Na kulikuwa na hesabu za miaka miwili za kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, wanachama 27, nasi ndio tulikuwa mweka hazina. Tuliamini kwamba kwa kuwa hesabu zipo kwenye kompyuta, daftari la karatasi si lazima tena.

Ilituchukua Jumamosi tatu kukaa na kikundi na kuanza upya. Waliokuwa na kadi walileta kadi. Wengine kadi ziliraruka, wengine zililowa. Mama mmoja alisema akiba yake ilikuwa shilingi 40,000 zaidi ya ile tuliyoweza kuiona. Hatukuwa na cha kumwonyesha kwamba ndivyo au sivyo. Tulilipa kutoka mfukoni mwetu, naye akapokea, lakini kikundini hakurudi. Mpaka leo tukikutana mnadani salamu ni fupi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulipoteza zaidi ya mali.

Basi kijana wetu aliporudi likizo na habari za Linux, baba yake hakumngoja amalize.

"Hapana. Kompyuta hii imekwisha kutuliza mara moja."

"Baba, siifuti. Naiwekea mfumo wa pili tu."

"Hata yule fundi hakusema anafuta."

Tulimwelewa baba. Lakini kijana naye alikuwa na hoja. Kompyuta yetu ni ya zamani, ina Windows 10, na kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya bure ya mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiopata masahihisho ni kama mtoto aliyekosa chanjo: anaweza kuonekana mzima, lakini kinga yake inapungua. Windows 11 ilikataa kuingia, maana hudai kompyuta yenye kifaa maalumu cha usalama na kichakato cha miaka ya karibuni, na yetu haina. Kununua mpya hatuna uwezo, ada bado hazijakamilika. Linux ingefanya kazi kwenye hiyo hiyo tuliyo nayo. Na vile virusi vya flashi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux faili zilizofichwa unaziona zote, unaziokoa.

Hata hivyo Windows hatukuweza kuiacha. Binti yetu anasoma uhasibu, na programu moja wanayofundishwa haifanyi kazi kwenye Linux. Baba naye amezoea Windows, na mtu mzima haondolewi alipozoea kwa kulazimishwa. Tukakubaliana: iwe mifumo miwili, lakini kwa masharti yetu.

Masharti yetu kabla ya kugusa chochote

Hospitalini mgonjwa haingizwi chumba cha upasuaji kabla ya maandalizi. Nasi tuliandaa namna hii.

Kwanza, nakala. Tuliketi wote mezani, tukauliza: ndani ya kompyuta hii kuna kitu gani ambacho kikipotea hakuna pesa ya kukirudisha? Kila mtu akataja chake. Tukavinakili vyote kwenye diski ya nje tuliyoazima, na vile vya muhimu kabisa kwenye flashi mpya pia. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, tulizifungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine kuona kama kweli zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni kama dawa ambayo hujasoma tarehe yake.

Flashi moja tuliipeleka kwa mweka hazina msaidizi, ikae nje ya nyumba yetu. Sisi wa Hanang hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang lilishuka Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha, na nyumba zikaenda pamoja na kila kilichokuwamo. Nakala iliyo katika nyumba moja na kompyuta yake inaweza kupotea siku moja nayo.

Pili, umeme. Diski ikiwa inagawanywa na umeme ukakatika, unaweza kupoteza vyote. Kama kompyuta ni ya mezani, au betri yake imekufa na inaishi kwa waya tu, tafuta kifaa cha kuhifadhi umeme kwanza, au ahirisha.

Tatu, funguo. Baadhi ya kompyuta zenye Windows zimefungiwa diski zake kwa siri, na ukibadilisha mambo ya uwashaji zitakudai ufunguo wa tarakimu 48. Tazama kwenye mipangilio kama yako ni hivyo, na kama ndivyo, andika ufunguo huo kwenye karatasi kabla ya kuanza. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Nne, kukabidhiana zamu. Windows ina tabia ya kutozimika kabisa. Ukiizima, kwa kawaida inasinzia ili kesho iamke haraka. Hapo ni kama muuguzi aliyeondoka bila kukabidhi, funguo kaziweka mfukoni. Linux ikiingia zamu inaweza kukuta sehemu ya Windows inasomeka tu, haiandikiki. Kwa hiyo ule uwashaji wa haraka uzimwe kwenye mipangilio ya Windows.

Tano, kujaribu. Kijana alikuja na Linux Mint kwenye flashi, aliyoipakua huko chuoni maana ni faili kubwa na bando letu lisingetosha. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuwasha kompyuta kwa flashi hiyo na kuutumia mfumo bila kugusa diski. Tulifanya hivyo kwa siku mbili. Tuliangalia sauti, intaneti na kichapishi. Kama kichapishi kingekataa, ni heri kujua mapema.

Jioni tuliyosimama

Ndani ya Windows yenyewe, kwa zana yake ya kugawa diski, tulipunguza sehemu yake na kuachia Linux nafasi ya GB 100. Jumamosi jioni, betri imejaa, kijana akaanza kuweka mfumo. Tulikaa pembeni yake. Hatukujua kompyuta zaidi yake, lakini tulijua kilichomo.

Alikuwa ametuambia kwamba skrini itauliza maswali, na moja litakuwa na chaguo la kuweka mfumo mpya pembeni ya ule wa zamani. Swali likafika. Chaguo hilo halikuwapo. Lililokuwapo lilisema diski yote ifutwe.

"Mama, labda toleo hili wamebadilisha maneno. Tuendelee?"

Tukasema, "Simama."

Katika wodi, jina la kwenye kitanda likitofautiana na jina la kwenye faili, hatumpi mgonjwa dawa kwa kubahatisha. Hata awe anaugulia, tunasimama na kuuliza. Kijana alinyamaza kidogo, akatoa flashi, akazima. Hakuna kilichoharibika, maana hakuna kilichokuwa kimeandikwa bado. Baba watoto hakusema neno, lakini tulimwona akishusha pumzi.

Wiki iliyofuata kijana alimwuliza mwalimu wake na sababu ikajulikana. Diski zilizogawanywa kwa mtindo wa zamani hukubali sehemu kuu nne tu. Yetu ilikuwa nazo nne tayari tangu kiwandani, kwa hiyo Linux ilikosa pa kupita, ingawa nafasi ilikuwapo. Sehemu ya nne ilikuwa ndogo, ya zana za mtengenezaji, wala hatukuwahi kuitumia. Tuliinakili, tukaiondoa. Jumamosi ya pili lile chaguo likatokea mahali pake. Kazi haikuchukua hata saa nzima.

Fikirini, akina mama, kama jioni ile tungesema, "Endelea tu, wewe ndiye unayejua." Nakala tulikuwa nazo, tusingelia kama mara ya kwanza. Lakini tungempoteza baba kabisa katika jambo hili, na binti angekosa programu yake ya masomo.

Mambo madogo ya baadaye

Yapo mambo mawili yaliyotusumbua baadaye, nayo yanasumbua wengi.

La kwanza ni saa. Baba alifungua Windows asubuhi moja na kukuta saa imerudi nyuma saa tatu kamili. Akasema, "Mmeona? Imeanza kuharibika." Haikuwa imeharibika. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayotembea hata ikizimwa. Windows huisoma saa hiyo kama saa ya hapa nyumbani. Linux kwa kawaida huiweka kwa saa ya dunia ya Greenwich, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Wauguzi wawili, kila mmoja anasoma saa ya ukutani kwa desturi yake. Ukiwa na intaneti hujirekebisha, lakini sisi bando si la kila siku. Ilitosha kuiambia Linux kwa amri moja ifuate saa ya nyumbani, na tangu siku hiyo hatujaona tatizo.

La pili ni ile orodha ya kuwasha. Baada ya sekunde chache usipochagua, Linux ilikuwa ikijifungua yenyewe, na baba akijikuta ugenini. Kijana akaibadilisha Windows ianze. Kwa mtu asiyependa mageuzi, jambo dogo kama hilo ni heshima kubwa. Na kama siku moja orodha isitokee baada ya Windows kufanya masahihisho makubwa, usipige kelele. Mara nyingi Windows imejiweka mbele tu, na Linux bado ipo. Mpangilio hurudishwa.

Nani asifanye hivi?

Hatusemi kila nyumba iweke mifumo miwili. Kama diski inakwaruza au kompyuta inazimika ovyo, okoa faili kwanza, hayo mengine baadaye. Kama wote nyumbani wanatosheka na mfumo mmoja, mmoja unatosha. Na usidanganyike kwamba mifumo miwili ni usalama maradufu. Diski ni moja. Ikifa, inakufa na yote mawili. Kinachookoa ni nakala iliyo mahali pengine.

Wala msiogope kuuliza. Kijana au fundi akitaka kugusa kompyuta ya nyumba, mwulizeni maswali matatu: Nakala iko wapi, na imefunguliwa ikasomeka? Sehemu gani ya diski itaguswa? Ikikwama katikati, tunarudije? Anayejua kazi yake hatachukia. Anayechukia, chukueni kompyuta yenu mwende nayo nyumbani.

Kwetu sasa mambo ni shwari. Binti na baba wako Windows. Kijana na sisi tuko Linux, na hesabu za kikundi tunazifanyia huko kwa LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunazichapisha, tunazisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote, kila mmoja anasaini kwenye jina lake, na flashi iliyo kwa mweka hazina msaidizi inabadilishwa. Daftari la karatasi limerudi pia.

Na ile picha ya mama? Binamu yetu mmoja wa Mbulu alikuwa na moja ya zamani ndani ya kitabu cha nyimbo, imeanza kufifia. Tuliipiga picha upya. Amekaa nje ya nyumba na ungo wa mbaazi mapajani, anacheka kitu ambacho hakimo pichani. Ni moja tu kati ya zile nyingi. Sasa iko mahali patatu, na tunajua kila pahali kwa jina.

Mama, jioni ya leo kabla ya kulala, fungua kompyuta ya nyumba yenu na ujiulize: hapa kuna nini ambacho hakipo pengine? Kinakili kwanza. Mifumo itasubiri.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kutunza dawa mbali na watoto.

Ni sisi wenu,
Wauguzi wa ukurasa huu, Endasak